MAZIWA MABICHI: KOSA NI KUYAUZA AU KUYANYWA?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo wenye mada hii: "Uuzaji wa maziwa mabichi upigwe marufuku kabisa." Ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama madirishani, maana hapa Njoro karibu kila nyumba ina ng'ombe, au hununua kwa jirani mwenye ng'ombe. Upande wa kupendekeza ulisema maziwa hayo ni sumu. Upande wa kupinga ukajibu kwamba babu zetu waliyanywa na wakaishi miaka tisini. Kelele zikawa nyingi kama za kondoo zizini, kengele ikalia, tukaenda nyumbani.

Mimi sikuwa miongoni mwa wasemaji, lakini nilitoka na dukuduku rohoni. Mama yangu huuza maziwa mabichi. Pesa za chakula changu cha mchana hapa shuleni, za sare na za vitabu hutoka katika viwele vya ng'ombe wawili. Basi likizoni niliuliza maswali mengi. Nilimwendea mwalimu wetu wa Baiolojia, nikamsumbua afisa wa mifugo alipokuja mtaani kuchanja, na nikasoma kila nilichokipata. Yafuatayo ni niliyojifunza, na mahali pengine nitatoa maoni yangu mwenyewe, mniwie radhi.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, kwani hili ni jarida la Kiswahili na mwalimu mlezi hatanisamehe nikiliruka. Maziwa mabichi ni maziwa ambayo hayajapata moto tangu yatoke kwenye kiwele. Wengi wetu husema "maziwa freshi," na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, maana kuwa freshi ni habari ya saa na kuwa mabichi ni habari ya moto. Maziwa yaliyokamuliwa dakika tano zilizopita ni freshi na ni mabichi. Yakilala hadi yagande huitwa maziwa lala, ndiyo hayo tunayofupisha tukasema mala. Wengine huita mtindi au maziwa ya mgando. Sasa sikiza: ikiwa hayakuchemshwa kabla ya kulazwa, basi mala hayo bado ni mabichi. Uchachu si moto. Wenzetu wa jamii ya Wakalenjin wanaotengeneza mursik, wengi wao huyachemsha maziwa kwanza, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Asiyechemsha amebadilisha ladha tu.

Je, ndani ya maziwa mabichi kuna nini cha kuogopwa? Kuna vinavyotoka nje ya ng'ombe na vinavyotoka ndani yake. Vya nje ni vile vya samadi kwenye chuchu, mikono isiyooshwa, ndoo chafu na maji ya mto yaliyoongezwa na mchuuzi mwenye tamaa. Hivyo huleta kuhara na homa za tumbo. Vya ndani ni vibaya zaidi kwa sababu usafi wote wa dunia hauvigusi: ng'ombe mwenyewe ni mgonjwa na viini vimo ndani ya maziwa tangu mwanzo. Kimojawapo ni kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho mtu akikipata kwa kunywa huweza kuvimba tezi za shingo, au kikashika matumbo na mifupa.

Kingine ni brusela. Ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba, aghalabu mimba ikiwa imepita miezi mitano, na baada ya hapo huenda akaonekana mzima kabisa na kukamuliwa kama kawaida. Mtu naye hupata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Dalili hizo ni ndugu wa dalili za malaria na homa ya matumbo, kwa hivyo wagonjwa wengi hutibiwa ugonjwa ambao hawana, wakarudi, wakatibiwa tena. Ukishajulikana, matibabu yake huchukua kama wiki sita za dawa za aina mbili. Wiki sita! Mtu wa vibarua akikosa kazi wiki sita, watoto wake watakula nini?

Hapa nawaomba mnifuate mbali kidogo, hadi kisiwa cha Malta katika bahari ya Mediterania, maana huko ndiko siri ya ugonjwa huu ilikofichuliwa, na kisa chenyewe kina mafunzo hata kwa mtu wa Njoro. Malta ilikuwa chini ya Waingereza, na wanajeshi wao waliokuwa huko waliugua homa ya ajabu iliyowalaza miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, aliona kiini chake katika miili ya waliokufa. Jina brusela limetokana na jina lake. Lakini kiini hicho kiliwafikiaje watu? Hakuna aliyejua. Wengine walilaumu hewa, wengine mbu, wengine uchafu wa bandari. Ilikuwa mwaka 1905 ambapo daktari Mmalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi na kukuta kwamba mbuzi wazima wa afya, wanaotoa maziwa mazuri, ndio waliobeba kiini hicho. Mwaka 1906 jeshi likaacha kuwapa askari maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukashuka upesi sana kambini.

Linalonivutia zaidi ni jinsi maziwa yalivyouzwa Malta. Mchungaji aliwapitisha mbuzi wake barabarani, akasimama mlangoni kwa mteja na kumkamulia palepale machoni pake. Mteja alifurahi: hakuna maji yaliyoongezwa, hakuna kulala, maziwa bado yana joto la mnyama. Kwa macho hapangekuwa na maziwa bora kuliko hayo. Hata hivyo ndiyo yaliyowaua. Na jambo jingine: wanajeshi waliamrishwa wakatii, lakini raia waliendelea kununua kwa mbuzi mlangoni miaka mingi, maana ndiyo maziwa waliyoyazoea na ndiyo riziki ya wachungaji. Kiwanda cha kupasha maziwa moto kilifunguliwa huko mwaka 1938 tu. Tangu Zammit agundue ukweli, miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Kwa hivyo atakayesema kwamba ukitangaza tu hatari watu wataacha siku ya pili, akaulize Malta.

Turudi kwenye moto. Mfaransa Louis Pasteur, katika miaka ya 1860, alikuwa akitafuta njia ya kuzuia mvinyo usiharibike, akaona kwamba kuupasha moto kiasi, bila kuuchemsha, kunaua viini. Wengine wakaipeleka njia hiyo kwenye maziwa. Viwandani leo maziwa hupashwa hadi digrii 63 kwa dakika 30, au digrii 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Hesabu hizo zinatosha kuua brusela na kifua kikuu.

Niliposikia hesabu hizo nikauliza swali ambalo mwalimu wa Fizikia alilifurahia. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tulifunzwa kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Hapa kwetu maji huchemka karibu digrii 93, wala hayafiki 100. Je, sufuria ya mama inatosha? Inatosha kabisa, ndugu msomaji. Digrii 93 ni mbali juu ya 72. Muhimu ni maziwa yafikie kuumuka kikweli, uyakoroge, uyaache yaendelee kidogo, usiyatoe pindi tu uonapo utando juu. Na wale wanaosema eti kuchemsha kunamaliza nguvu ya maziwa, waambieni kwamba protini na kalisi hubaki. Kinachopungua ni baadhi ya vitamini, nazo tunazipata kwenye sukuma wiki na machungwa.

Sasa tuingie katika sheria, na hapa mada inanoga. Mwaka 1925 walowezi wa Kizungu waliunda KCC huko Naivasha ili kuuza maziwa na siagi yao. Mwaka 1958 ikapitishwa Sheria ya Sekta ya Maziwa, ile inayoitwa Sura ya 336, ambayo ndiyo iliyozaa Bodi ya Maziwa ya Kenya. Baada ya uhuru KCC iliendelea kulilinda soko la mijini. Maziwa mabichi hayakuruhusiwa kuuzwa mjini, na aliyeingia na mtungi wake alikuwa mhalifu. Wazazi wetu wanaoyakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti yaliyoanza kugawiwa wanafunzi wa msingi mwaka 1979, wanaizungumzia KCC kwa mapenzi makubwa. Baba yangu ni mmoja wao, na hapendi niikosoe. Lakini tuseme ukweli: sheria ile ililinda afya na vilevile ililinda biashara, na si rahisi kujua moja iliishia wapi na nyingine ikaanzia wapi.

Mwaka 1992 soko lilifunguliwa. Bei ikaachwa huru, kampuni nyingine zikaingia, na wachuuzi wakawa wengi. KCC yenyewe ilidhoofika hadi ikaanguka, kisha serikali ikaifufua mwaka 2003 kwa jina New KCC. Wafugaji walioachwa na madeni wakati ule wangeuza kwa nani? Waliuza kwa mtu wa baiskeli. Mapema katika miaka ya 2000 wenye viwanda walifanya kampeni kubwa wakionya wananchi kuhusu maziwa ya mtaani. Wakati huohuo kulikuwa na mradi wa utafiti wa wafugaji wadogo, wa mwaka 1997 hadi 2005, ulioendeshwa na wizara, taasisi ya KARI na taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI. Watafiti walikuta kwamba sehemu kubwa mno ya maziwa yaliyouzwa nchini ilipita mikononi mwa wachuuzi, na kwamba karibu kila nyumba iliyanunua mabichi ikayachemsha kabla ya kuyatumia. Kuanzia mwaka 2004 mtazamo wa serikali ulibadilika, Bodi ikaanza kuwafunza wachuuzi wadogo, kuwapima na kuwapa leseni. Lakini mambo hayakutulia. Mwaka 2019 rasimu ya kanuni mpya ilizua malalamiko mengi, wafugaji wakihofia kwamba hata kumuuzia jirani kikombe kimoja kungekuwa kosa.

Nchi za nje nazo hazikubaliani. Chicago ulikuwa mji wa kwanza Marekani kulazimisha maziwa yapashwe moto, mwaka 1908. Mwaka 1987 serikali ya huko ikapiga marufuku kuyasafirisha mabichi kutoka jimbo moja hadi jingine kwa ajili ya kunywewa, lakini kila jimbo lina sheria yake ya ndani, baadhi wanaruhusu na baadhi hawaruhusu. Scotland ilipiga marufuku mwaka 1983. Jirani yake Uingereza, kisiwa kimoja, humruhusu mfugaji amuuzie mnunuzi moja kwa moja, ilimradi chupa iwe na onyo. Canada ilikataza nchi nzima mwaka 1991. Tena mwaka 2024 virusi vya homa ya ndege viligunduliwa katika maziwa ya ng'ombe wa Marekani, ubishi ukawaka upya.

Lakini tazameni tofauti, maana wasemaji wetu wa mdahalo waliisahau. Yule Mmarekani anayepigania maziwa mabichi ana jokofu, ana duka la pakiti kila kona, na anayataka mabichi ili ayanywe yakiwa mabichi. Anadai uhuru wa kuchagua. Mteja wa mama yangu hajawahi hata kuwaza kuyanywa hivyo. Anayanunua mabichi kwa sababu ni rahisi kuliko ya pakiti, kwa sababu anaweza kununua kipimo cha shilingi alizo nazo leo, na yakifika kwake yanaingia kwenye sufuria ya chai. Neno ni lilelile, maziwa mabichi, lakini kesi ni mbili. Kule mzozo unahusu kunywa, huku unahusu kuuza. Sheria ikikopwa kule ikaletwa huku bila kugeuzwa, itamkamata mtu wa mtungi, na yule anayekunywa bila kuchemsha haitamfikia kamwe.

Msinielewe vibaya kwamba namtetea mama tu. Kuna hoja moja ya upande wa kupendekeza ambayo ni nzito kama jiwe la kusagia, na ilisemwa haraka mno siku ile. Moto hauondoi kila kitu. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki, dawa hubaki katika maziwa kwa siku kadhaa, na hata ukiyachemsha dawa haiishi. Anayeyanywa mara kwa mara huzoesha viini dawa hizo, na siku akiugua kikweli hazitamsaidia. Ng'ombe akilishwa mahindi yaliyoota ukungu, sumu kuvu hupitia kwenye maziwa, nayo pia haijali jiko. Wako pia wachuuzi wanaotia kemikali ili maziwa yasiharibike njiani. Kumbukeni, hata hivyo, kwamba mambo mawili ya kwanza yanaweza kuwa ndani ya pakiti vilevile, maana kiwanda nacho kinapasha moto tu. Kiwanda kikinunua maziwa yenye dawa bila kuyapima, kitauza maziwa yenye dawa yaliyofungwa vizuri.

Kwa hivyo kipimo ndicho mchezo wote. Mchuuzi anayechukua maziwa kwetu huja na laktomita, kile kichupa kirefu kinachoelea. Maziwa mazuri hukifanya kisome kati ya 26 na 32. Ukitia maji kinazama na kusoma chini. Mama hasimami mbali, hukodoa macho mpaka kiache kutikisika. Kwenye ushirika huchanganya maziwa kidogo na spiriti kiasi sawa, yakiganda yanakataliwa kwani yameanza kuchacha. Lakini laktomita haijui dawa, na spiriti haiijui brusela. Hapo ndipo leseni inapokuwa na maana, kwa maoni yangu. Mchuuzi mwenye leseni anajulikana jina na njia anayopita, anaweza kuitwa mafunzoni, anaweza kuchukuliwa maziwa yake yakapimwe. Mchuuzi anayefukuzwa na kanjo hupita usiku kwa bodaboda, na hubeba maziwa katika mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, wenye mdomo mwembamba usioingia mkono wa kuusugua, kwa sababu hawezi kuhatarisha mkebe wa alumini wa bei ghali utakaotwaliwa. Marufuku humfundisha kujificha tu. Wanaopendekeza marufuku waniambie ni nani atakayempima mtu ambaye hawamwoni.

Mwaka huu mwezi wa Machi ng'ombe wetu mmoja, Maua, alishikwa na ugonjwa wa kiwele. Daktari wa mifugo alimtibu na akasema maziwa yake yasiuzwe siku nne. Mimi ndiye niliyebeba ndoo hadi shimoni, asubuhi na jioni, siku nne, nikimwaga kitu cheupe kisicho na harufu wala rangi mbaya, ambacho laktomita yoyote ingekipitisha. Wiki hiyo hatukununua sukari. Hakuna askari aliyekuja kuangalia, wala hakuna sheria iliyotuona. Nilimwuliza mama kwa nini asichanganye tu na ya ng'ombe wa pili, si mchuuzi hatajua? Alinitazama akasema, "Wewe, kwani watoto wa kule mjini wanakunywa nini?" Akaendelea kuosha ndoo.

Si kila mfugaji atamwaga, najua. Mwenye ng'ombe mmoja na deni dukani atashawishika, na sitamhukumu haraka. Ndiyo maana nasema mafunzo ya wachuuzi yafike hadi kwa mkamuaji, na vituo vya kupimia viwe karibu na watu. Wale wa ATM za maziwa, zile mashine za madukani zinazouza maziwa yaliyopashwa moto kwa kipimo cha pesa ulizo nazo, wameonyesha kwamba mnunuzi wa shilingi ishirini anaweza kupata maziwa yaliyopita motoni. Hapa kwetu mashine hiyo bado haijafika.

Na kuna maziwa ya jioni, ambayo hayakutajwa kabisa mdahaloni. Ushirika huchukua ya asubuhi na hulipa mwisho wa mwezi. Mchuuzi hulipa papo hapo, na huchukua ya jioni, ambayo hatuna mahali pa kuyapoza hadi kesho. Ukimwondoa mchuuzi leo, lori la ushirika litaendelea kuja saa moja asubuhi, na saa kumi na mbili jioni mama atakuwa na lita saba mkononi, na jirani watano wanaotaka chai.